Buku ya pombe: nani alikuwa na haki ya kuonja katika nchi ya shaba?



Kuna watu huko ng'ambo ambao wakisafiri hujipa kazi moja. Kila restora wanayoingia wanaagiza kinywaji kinachoitwa margarita, wanakionja, kisha wanakipa alama. Hapa ndimu ilikuwa ya kweli, pale ilikuwa ya chupa. Hapa chumvi ilizidi, pale barafu ilimeza pombe yote. Wanaandika, wanalinganisha mji na mji, na mwisho wanasema: ukifika kule, usikose kunywa kwa fulani.

Mtu anaweza kusema huo ni mchezo wa wenye feza. Sisi tunatafuta unga wa bukari, wao wanapima barafu! Lakini nimelifuatilia jambo hili na nimeona kwamba lina historia, na sehemu ya historia hiyo imepita mbele ya mlango wetu. Maana swali la nani anaonja, nani anatoa alama, na nani anakatazwa hata kugusa kikombe, liliulizwa hapa Katanga kwa miaka mingi. Jibu lake bado linagusa jiko la mama anayepika lutuku ili mtoto asirudishwe shuleni.

Kinywaji kilichozaliwa na safari

Tuanze na hiyo margarita yenyewe. Ni tekila, maji ya ndimu, na pombe tamu ya machungwa, vikichanganywa pamoja. Ukingo wa glasi hupakwa chumvi. Tekila inatoka Mexico. Inapikwa kwa mmea wa agave, ambao ni ndugu wa mkonge, ule tunaosokotea kamba. Watu wa Tanzania wanaujua vizuri: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge yenye asili ya Yucatan huko Mexico, ikapitia Florida na Hamburg, na miche 62 tu ndiyo iliyofika hai pwani ya Tanganyika. Kutoka kwa hiyo 62 yakatokea mashamba makubwa ya mkonge ya Tanga. Kwa hiyo ndugu zetu wa pwani walipata kamba, watu wa Mexico wakabaki na pombe.

Nani aliyeibuni margarita? Wengi wanadai. Wengine wanamtaja Carlos Herrera, aliyekuwa na restora karibu na Tijuana, mwaka 1938. Wengine wanamtaja bibi mmoja tajiri, Margarita Sames, na karamu yake ya Acapulco mwaka 1948. Lakini kuna habari ya zamani zaidi inayonipendeza mimi kama mwandishi wa habari. Mwaka 1936 James Graham, mhariri wa gazeti dogo la Moville katika jimbo la Iowa, alitembelea Tijuana, akaingia baa ya mtu aitwaye Madden, akaonja kinywaji cha tekila kilichoitwa "Daisy", kisha akarudi kwao na kukiandika gazetini. "Daisy" ni jina la ua, na kwa Kispania ua hilo huitwa margarita. Mwandishi wa mji mdogo alisafiri, akaonja, akawaambia wasomaji wake. Ndiyo kazi ileile.

Na kwa nini Wamarekani walizoea kuvuka mpaka kwenda kunywa Tijuana? Kwa sababu kuanzia mwaka 1920 hadi 1933 serikali yao ilikataza pombe nchini. Aliyetaka kunywa kwa amani alivuka kwenda Mexico. Sisi wakaaji wa Lubumbashi, wenye mpaka wa Kasumbalesa karibu, hatuhitaji kuelezwa sana: kinachokatazwa upande mmoja hutafutwa upande wa pili.

Hadithi ya margarita inafika hadi jumba la makumbusho. Mwaka 1971 Mariano Martinez, mwenye restora huko Dallas, alichukua mashine ya kutengeneza aiskrimu laini akaigeuza iwe ya kutoa margarita ya barafu, kwa sababu wahudumu wake walishindwa kuchanganya glasi zote kwa ladha moja. Tangu mwaka 2005 mashine hiyo iko kwenye makumbusho ya taifa huko Washington. Wenzetu wanahifadhi mashine ya pombe kama tunavyohifadhi misalaba ya shaba ya mababu.

Mstari uliochorwa Brussels

Sasa turudi kwetu. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa makubwa yalitia saini mkataba huko Brussels. Mkataba huo ulihusu kupiga vita biashara ya watumwa, lakini ndani yake mlikuwa na sehemu juu ya pombe kali. Ulichora eneo kubwa la Afrika, kutoka nyuzi 20 kaskazini mwa ikweta hadi nyuzi 22 kusini, na kuamuru kwamba humo pombe kali izuiwe au itozwe ushuru. Lubumbashi iko karibu na nyuzi 12 kusini. Tulikuwa ndani ya mstari huo kabla mji wenyewe haujajengwa. Mwaka 1919 mkataba mwingine, wa Saint-Germain-en-Laye, ulikaza tena fundo hilo.

Tuseme haki: pombe kali ya bei rahisi iliyoletwa na meli za Ulaya ilikuwa imeharibu watu wengi katika pwani ya magharibi. Wamisionari waliolia juu yake hawakulia bure. Lakini angalieni jinsi katazo lilivyofanya kazi lilipofika hapa. Mji wa Elisabethville ulianzishwa mwaka 1910, mwaka uleule reli kutoka Rhodesia ilipofika. Reli ilileta mashine za kuyeyushia shaba, ilileta wafanyakazi, na ilileta makreti ya whisky na divai kwa wazungu. Mzungu alikunywa whisky barazani kwake. Boyi wake, aliyeibeba chupa hiyo kwenye sinia, hakuwa na ruhusa ya kuonja. Sheria haikuuliza kama mtu ni mlevi au si mlevi. Iliuliza rangi ya ngozi yake.

Baada ya vita vya pili vya dunia, wakoloni walifungua kidirisha kidogo. Mwaka 1948 walianzisha kadi ya sifa njema ya uraia, na mwaka 1952 wakaongeza utaratibu wa kuwaandikisha Wakongomani wachache waliohesabiwa kuwa "wameendelea". Ili upate nafasi hiyo, ulichunguzwa: unakula vipi, nyumba yako ina nini, mke wako anavaa nini, unajua Kifaransa kiasi gani. Miongoni mwa mambo madogo ambayo watu hao waliyatafuta ni kuweza kununua divai bila kujificha. Fikirini jambo hilo: mtu mzima, mwenye watoto, anafanyiwa mtihani na serikali ili aruhusiwe kuonja maji ya zabibu. Katazo hilo lilianza kulegea katikati ya miaka ya 1950, muda mfupi tu kabla ya uhuru.

Mmoja wa walioandikishwa alikuwa Patrice Lumumba, mwaka 1954. Baadaye, alipofika Léopoldville, alifanya kazi katika kampuni ya bia, akiwa mkubwa wa mauzo ya bia ya Polar. Alizunguka mabaa ya mji ule akiwahimiza watu waonje Polar na waiache Primus ya washindani. Katika mizunguko hiyo sauti yake ya siasa pia ilikomaa, na watu wakalijua jina lake. Sisi tunajua alipoishia: tarehe 17 Januari 1961 aliuawa karibu na mji wetu huu, upande wa Shilatembo. Wengi wanamkumbuka kwa hotuba zake. Wachache wanakumbuka kwamba baa zilikuwa sehemu ya shule yake ya siasa.

Simba, Tembo na posho

Bia yenyewe haikuwekwa katika kundi la pombe kali. Katika miaka ya 1920 viwanda vya bia vilizaliwa nchini: Bralima ilianzishwa Léopoldville mwaka 1923, na hapa kwetu ilianzishwa kampuni iliyotupa Simba, bia ambayo mtu wa Lubumbashi akiwa mbali huiota usiku. Tembo, ile nyeusi, ilikuja kuwa mwenzake. Mpaka leo, ukitaka kujua kama mtu ni wa hapa kweli, muulize kwa nini Simba ni bora kuliko bia za Kinshasa. Hatakosa hoja, hata kama hoja yenyewe ni kelele tu.

Lakini bia ya chupa ilihitaji feza, na mfanyakazi wa Union Minière alipokea sehemu ya malipo yake kwa posho: unga wa mahindi, mafuta, samaki, chumvi. Kampuni ilitaka posho hiyo iishie tumboni ili mikono ifanye kazi. Wamama wa kambi walikuwa na hesabu nyingine. Sehemu ya unga ilipikwa bukari, sehemu iliingia chunguni kuwa pombe ya kuuza siku ya mshahara. Wakubwa wa kambi waliipiga vita biashara hiyo, wakapekua nyumba na kumwaga vyungu. Haikuisha. Mwanamke ambaye hakuwa na jina kwenye orodha ya mishahara alijitengenezea mshahara wake.

Huko ndiko lutuku ilikopata nguvu. Mahindi yaliyooteshwa yanasagwa, yanachanganywa na unga wa mahindi au wa muhogo na maji, vinaachwa vichache kwa siku kadhaa. Kisha vinachemshwa ndani ya pipa lililofungwa, mvuke unapita kwenye bomba lililozamishwa katika maji baridi, na upande wa pili kunadondoka maji meupe yanayochoma koo. Wazambia wanaita kachasu. Ndugu zetu wa Kasai wanaita tshitshampa, Kinshasa wanasema lotoko. Jina linabadilika, moto ni uleule.

Sheria ya wakoloni iliikataza. Lakini katazo liliongeza bei, na bei iliongeza watengenezaji. Pia katazo liliifanya lutuku iwe kinywaji cha kufichwa, na kinachofichwa hakipimwi na mtu yeyote. Neno hili lishikeni, nitalirudia.

Buku ya Kitwe

Ng'ambo ya mpaka, katika miji ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, wakoloni Waingereza walichukua njia nyingine. Manispaa zilijijengea mabaa yao ya pombe ya kienyeji, zikawakataza wamama kupika nyumbani, na faida ikaingia katika sanduku la mji. Pombe ikawa ya serikali. Mtu alikunywa kile kilichopo, kiwe kizuri au kibaya, maana hapakuwa na pengine pa kwenda bila kuvunja sheria.

Katika miaka ya 1950, mjini Kitwe, alikuwepo mtengeneza bia aliyetoka Ujerumani, jina lake Max Heinrich. Alitaka kupika kiwandani ile pombe nzito ya nafaka ambayo wamama wa Afrika ya kusini na kati wameipika tangu zamani. Alikuwa na tatizo moja: hakuijua. Ulimi wake ulikuwa wa bia ya Ulaya. Akafanya jambo ambalo wakubwa wengi wa wakati ule hawakulifanya. Aliwauliza wanywaji. Inasimuliwa kwamba kila alipopika, alichukua maoni yao na kuyaandika katika buku: hii imechacha sana, hii ni nyepesi, hii ni tamu. Watu walipomwona kila mara na buku yake, pombe ikaitwa kwa jina hilo: Chibuku.

Sisi tunaosema "buku" kila siku tunalisikia jina hilo bila kamusi. Na pombe hiyo ilisambaa mbali, Zambia, Malawi, Zimbabwe na kwingine, ikiwekwa katika pakiti za karatasi ambazo lazima uzitikise kabla ya kunywa, kwa sababu unga wake hukaa chini.

Nimeifikiria sana buku ile. Upande mmoja inanifurahisha. Tangu mkataba wa Brussels, watu wengine walikuwa wameamua mdomo wa Mwafrika unafaa kuonja nini. Ghafla mtu anashika kalamu na kusema: niambie wewe, ni nzuri au si nzuri? Mchimbaji aliyetoka chini ya ardhi anakuwa hakimu. Alama anazotoa yeye ndizo zinazobadilisha mapishi.

Upande wa pili inaniacha na swali. Ujuzi ulioandikwa katika buku ile ulikuwa wa nani? Wamama ndio waliojua nafaka iloweshwe siku ngapi, iote urefu gani, ichemke mpaka lini. Kiwanda kilipoanza kutoa pombe kwa maelfu ya lita, mama aliyebaki na chungu chake alikuwa bado anakimbizwa na polisi. Jina la mwenye kiwanda tunalo. Majina ya wapishi waliotangulia hatunayo hata moja. Hiyo ndiyo tofauti kati ya aliyeandika na aliyeandikwa.

Munkoyo, mtihani wa barabarani

Mimi kazi yangu ya radio hunipeleka mara kwa mara Likasi, Kipushi na Kasumbalesa. Margarita sijaifuatilia, ukiitaka, tafuta restora za katikati ya mji zenye orodha ndefu na bei ndefu zaidi. Ninachoonja njiani ni munkoyo. Wanaotoka mbali huenda hawaijui, basi nieleze.

Munkoyo ni uji wa mahindi unaogeuka kinywaji kwa nguvu ya mzizi. Unapika uji, unauacha upoe mpaka uwe vuguvugu. Unachukua mzizi wa munkoyo kutoka porini, unauponda mpaka uwe nyuzi nyuzi, unauloweka na kuutia ndani ya uji. Mara uji mzito unakuwa maji. Si uchawi. Ndani ya mzizi huo mna vimeng'enya vinavyokata wanga wa mahindi na kuugeuza sukari. Wataalamu wameichunguza mizizi hiyo, mingi ni ya jamii ya kunde. Kazi ambayo bia ya Ulaya hufanyiwa na shayiri iliyooteshwa, hapa hufanywa na mzizi wa msituni. Bibi zetu waliijua kazi hiyo bila maabara.

Siku ya kwanza munkoyo ni tamu, mtoto anakunywa na mgonjwa anakunywa. Siku ya pili inaanza kuchangamka. Baada ya hapo ni pombe, na mwenye kiti akae vizuri.

Katika safari zangu nimejizoeza kuipima kwa mambo manne. La kwanza ni harufu: lazima usikie mzizi, harufu ya udongo wenye mvua. Usipousikia, mtu ametia sukari ya duka na chachu ili kuharakisha. La pili ni uzito: isiwe maji matupu, isiwe uji, ikae ulimini kidogo kabla ya kushuka. La tatu ni mapatano ya utamu na uchachu. Nzuri huanza na utamu na kumalizia na uchachu kidogo, na hamu ya kikombe cha pili. La nne ni ukweli wa muuzaji. Muulize imelala siku ngapi. Anayejibu "tangu jana asubuhi, sasa usimpe mtoto mwingi" huyo mpe alama zote, hata kama bidoni yake ni ya zamani.

Kwa kipimo hicho, munkoyo niliyokunywa kando ya barabara ya Kasumbalesa ilishinda ile ya mjini karibu kila mara. Sababu naiona iko msituni. Kadiri unavyokaribia mji, mzizi unatoka mbali zaidi, maana msitu wa miombo unaozunguka Lubumbashi umekatwa mwaka kwa mwaka kwa ajili ya makala. Tunapopika bukari kwa makala, tunachoma pia kivuli cha mimea inayotupa munkoyo. Muuzaji wa mjini anayeweka sukari badala ya mzizi si mjanja tu. Huenda mzizi umekuwa ghali kuliko sukari.

Vikombe vya waliohama

Katika mitaa yetu leo kuna familia zilizokuja si kwa kupenda. Lubumbashi inaujua uchungu wa kuhama na wa kuhamishwa. Mwaka 1992 na 1993 ndugu wa asili ya Kasai walifukuzwa hapa Katanga, wengine wakilala wiki nyingi kwenye vituo vya treni. Hiyo ni aibu ambayo hatuwezi kuifuta. Baadaye zikaja familia zilizokimbia vita vya upande wa Mitwaba, Pweto na Manono, kisha ugomvi wa Watwa na Waluba katika Tanganyika. Mwaka 2025 Goma ilianguka mwezi wa kwanza, Bukavu mwezi wa pili, na watu wa Kivu wakatawanyika kila upande.

Anayekimbia hachukui chungu. Lakini mikono yake inajua. Mama wa Kivu anajua kasikisi, pombe ya ndizi zilizoiva, zilizokamuliwa na kuchachushwa kwa mtama. Mama wa kando ya ziwa anaweza kutofautisha tembo la asubuhi na la jioni. Kwao vinywaji hivyo ni mahari, ni msiba, ni ubatizo, ni mkutano wa wazee. Wakifika hapa, ndizi za kufaa ni ghali na mnazi au mchikichi wa kugema hauko karibu. Basi wengi wanaishia kwenye kile kinachotengenezwa kwa mahindi na pipa: lutuku.

Hili si jambo geni hapa. Gécamines ilipodhoofika katika miaka ya 1990, mishahara ilikatika miezi na miezi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari. Mwanahistoria wetu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alikuwa ameshaandika kitabu mwaka 2001 juu ya "Bana Shaba" walioachwa na baba yao, na baba huyo ni kampuni yenyewe iliyozoea kuwalisha. Baba alipoacha kulisha, mama alishika bidoni. Karo za shule nyingi za mji huu zililipwa kwa lutuku, munkoyo na makala. Kwa hiyo anayemtukana mama mkimbizi kwa kuuza lutuku, kwanza aulize nyumbani kwao nani alimlipia kidato cha nne.

Kile ulimi hauwezi kuonja

Hapa narudia neno nililowaambia mlishike: kinachofichwa hakipimwi. Mwonjaji wa margarita akikosea, hasara yake ni dola chache na kichwa kuuma. Mwonjaji wa lutuku anaweza kupoteza macho.

Ndani ya pombe kali iliyotengenezwa vibaya, au iliyoongezwa makemikali ili iwe kali haraka, inaweza kuwemo methanoli. Methanoli ni sumu, na ulimi hauwezi kuitofautisha na pombe ya kawaida. Harufu haikuambii. Kuna wanaowasha kiberiti na kusema, "angalia, moto ni wa buluu, hii ni safi." Jaribio hilo linaonyesha tu kwamba kuna pombe inayowaka, halionyeshi kama sumu imo au haimo. Hata desturi ya kumwaga matone ya kwanza, ambayo ni nzuri, haitoi dhamana, hasa kama kuna mtu aliyetia kitu baadaye.

Dalili mara nyingi hazitokei palepale. Mtu anaweza kulala vizuri, kisha baada ya saa 12 au siku nzima akaanza kuumwa kichwa na tumbo, kutapika, kuona ukungu au nukta nyeupe machoni, kupumua kwa haraka. Msimwambie alale mpaka pombe iishe. Mpelekeni hospitali mara moja na semeni wazi alichokunywa na alikinunua wapi. Kuna dawa, lakini inataka haraka. Kuficha kwa ajili ya aibu kunaua.

Na kwa wanaopika: msinunue kemikali ya kuongeza ukali, msitumie mapipa yaliyobeba mafuta ya mashine au dawa za migodi, na bomba lisiwe la gari bovu lenye risasi. Kama mnaweza kubadilisha biashara, munkoyo ya siku ya kwanza haimpofushi mtu, na wateja wake ni pamoja na watoto na wazee wa kanisa.

Nani aandike buku yetu?

Historia hii imepita katika hatua tatu. Kwanza, wengine walituamulia tuonje nini. Pili, mwenye kiwanda alituuliza ladha yetu, akaandika, akafaidika. Hatua ya tatu bado haijaandikwa, nayo ni yetu. Tukiwa na desturi ya kusema wazi pombe ipi ni safi na ipi ni ya hatari, muuzaji mwaminifu atapata wateja na mwenye kemikali atakosa. Alama zinazotolewa kwa sauti, mtaani, zinaweza kulinda macho ya watu kuliko katazo ambalo miaka mia moja haikulifaulisha.

Kwa hiyo naomba jambo moja. Ninyi wamama mliotoka Kivu, Tanganyika, Kasai na vijiji vya hapa Haut-Katanga, pitieni kwetu kwenye radio, siku yoyote ya kazi, mtuambie mnapikaje vinywaji vya kwenu: jina lake, nafaka yake, siku zake, na mlivyokuwa mkijua kwamba hii ni nzuri na hii imwagwe. Kama hamtaki jina lenu lisikike hewani, halitasikika. Kama mnalitaka, litaandikwa, kwa herufi zake zote. Safari hii buku iwe na majina ya wapishi.